Eusébio, Mtoto wa Mafalala

Hapa Dongobesh ni vigumu kumpata mvulana asiyeota kucheza mpira Ulaya. Jioni, masomo yakiisha, uwanja hujaa watu, na kila mmoja hujipa jina la mchezaji mkubwa. Jina la Mbwana Samatta husikika sana, kwa kuwa mwaka 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini karibu miaka 60 kabla yake, kijana mmoja wa nchi jirani ya Msumbiji alikwisha kuipita njia ya Ulaya, akafika mbali sana. Nataka kuwaeleza habari zake, maana zinatuonyesha faida ya safari hiyo na pia gharama yake.

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa tarehe 25 Januari, 1942, katika mtaa wa Mafalala, mjini Lourenço Marques, mji ambao tangu mwaka 1976 huitwa Maputo. Wakati huo Msumbiji ilitawaliwa na Wareno. Baba yake alikuwa Mzungu mzaliwa wa Angola, mfanyakazi wa reli. Mama yake, Elisa, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Eusébio alipokuwa na umri wa miaka minane baba yake alikufa kwa pepopunda, na mama akabaki na mzigo wa kulea watoto peke yake. Nyumbani kulikuwa na umaskini. Eusébio na wenzake walicheza pekupeku, na mpira wao ulikuwa soksi iliyojazwa magazeti.

Alipokua alikwenda kuomba nafasi katika klabu ya Desportivo aliyoipenda, lakini walimkataa. Ndipo akajiunga na Sporting ya Lourenço Marques, na huko akafunga magoli mengi hata sifa zake zikavuka bahari. Mbrazili mmoja, José Carlos Bauer, aliyepata kuichezea nchi yake katika Kombe la Dunia, alimwona akicheza. Inasimuliwa kwamba baadaye Bauer alikutana kwa kinyozi mjini Lisbon na Béla Guttmann, mwalimu wa Benfica, akampasha habari za kijana huyo. Guttmann hakukawia.

Mwezi wa Desemba, 1960, Eusébio alipanda ndege kwenda Ureno akiwa na umri wa miaka 18. Mara ugomvi ukazuka. Klabu ya Sporting ya Lisbon ilidai kwamba yeye ni wao, kwa kuwa alitoka katika tawi lao la Msumbiji. Benfica nao walikuwa wamekwisha kupatana na mama yake. Benfica walimficha katika hoteli kusini mwa nchi, na katika mawasiliano wakamtaja kwa jina la siri la kike, Ruth. Miezi ilipita asiweze kucheza, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa mwezi wa Mei, 1961. Siku hiyo alifunga magoli matatu.

Tarehe 2 Mei, 1962, Benfica walikutana na Real Madrid mjini Amsterdam katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa ya Ulaya. Ferenc Puskás aliwafungia Madrid magoli matatu, na hata mapumziko Madrid walikuwa mbele. Kipindi cha pili Mário Coluna, naye mzaliwa wa Msumbiji, alisawazisha. Kisha Eusébio akafunga mawili, moja kwa penalti na jingine kwa mkwaju wa adhabu. Benfica wakashinda kwa 5 kwa 3, na yeye alikuwa na miaka 20 tu.

Sasa, ndugu msomaji, linganisha tarehe. Haikupita hata miezi miwili, na tarehe 25 Juni, 1962, wananchi wa Msumbiji waliokuwa wakimbizi waliunda chama cha FRELIMO mjini Dar es Salaam. Mwezi wa Septemba, 1964, vita ya kupigania uhuru ilianza, na wapiganaji wake walipata mafunzo hapa nchini kwetu, huko Kongwa na Nachingwea. Hivyo vijana wa nchi moja walikuwa pande mbili: wengine walishika bunduki dhidi ya Ureno, na mwenzao aliivalia Ureno fulana yake nyekundu. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya.

Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza ndilo lililomtangaza kila mahali. Katika timu ya Ureno walikuwamo wazaliwa wanne wa Msumbiji: Coluna aliyekuwa nahodha, Hilário, Vicente na Eusébio. Waliwashinda Brazil kwa 3 kwa 1. Kisha katika robo fainali, mjini Liverpool, Korea ya Kaskazini iliwafunga magoli matatu katika dakika 25 za mwanzo. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Eusébio alifunga, akauchukua mpira wavuni, akakimbia nao hadi katikati ya uwanja ili mchezo uendelee upesi. Alifunga manne peke yake, na Ureno ikashinda 5 kwa 3. Katika nusu fainali Uingereza iliwatoa kwa 2 kwa 1, naye akatoka uwanjani akilia. Alimaliza mashindano akiwa mfungaji wa kwanza, kwa magoli 9.

Klabu kubwa za Italia zilimtaka. Lakini habari nyingi husema kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, hakukubali aondoke, akimhesabu kuwa mali ya taifa. Baada ya mashindano yale Italia nayo ilifunga mlango kwa wachezaji wa kigeni. Basi mtu aliyeogopwa na walinda mlango wote hakuwa na uhuru wa kuchagua mahali pa kufanya kazi yake.

Tarehe 29 Mei, 1968, Benfica walicheza fainali na Manchester United mjini London. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zikiwa sawa, Eusébio alibaki na golikipa Alex Stepney tu. Alipiga kwa nguvu, na Stepney akaudaka. Eusébio hakukasirika, alimpongeza mpinzani wake na kumpigia makofi. Benfica walishindwa kwa 4 kwa 1. Miezi mitano baadaye, mwana wetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, alianguka na kuumia goti katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico, lakini akazimaliza akiwa wa mwisho huku akichechemea. Wote wawili walishindwa mwaka mmoja, na wote wawili wanaheshimiwa kwa namna walivyoshindwa. Tofauti ni moja: Akhwari alivaa rangi za nchi yake iliyo huru.

Eusébio naye alijua maumivu ya goti. Alipasuliwa mara kadhaa, lakini akaendelea kucheza. Katika miaka yake Benfica walitwaa ubingwa wa Ureno mara 11, naye akaifungia klabu hiyo magoli 473 katika michezo 440 ya mashindano. Mwaka 1975 alikwenda Marekani kuichezea Boston, na mwaka uliofuata alitwaa ubingwa akiwa na timu ya Toronto, Kanada. Mwaka huo huo wa 1975, tarehe 25 Juni, Msumbiji ilipata uhuru. Uhuru ulikuja miguu yake ikiwa imechoka, na hakupata kuichezea nchi yake hata mara moja. Coluna alirudi nyumbani akawa rais wa chama cha mpira cha Msumbiji. Eusébio alibaki Lisbon. Alifariki huko tarehe 5 Januari, 2014. Ureno iliomboleza siku tatu, na mwaka 2015 mwili wake ulihamishiwa mahali wanapozikwa mashujaa wa taifa hilo.

Wako watu wanaomlaumu kwa kuwatumikia watawala. Mimi simlaumu. Mwaka 1960 mtoto wa mjane wa Mafalala hakuwa na bendera nyingine ya kuichezea, na jina lake liliwapa Waafrika wengi fahari. Lakini nikisoma habari zake natambua jambo ambalo sisi huliona la kawaida. Kijana wa Tanzania akienda Ulaya leo, akicheza vizuri, huitwa kurudi kuichezea nchi yake, na wananchi humngoja uwanjanja. Hilo Eusébio, pamoja na magoli yake yote, hakulipata. Wenzangu, tukicheza jioni na kujipa majina makubwa, tukumbuke kwamba tunalo jina moja ambalo yeye alinyimwa, nalo ni jina la nchi yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne