Karl Landsteiner, mganga aliyegundua makundi ya damu

Mama mwenye mimba anapoulizwa kundi lake la damu, iwe Mubi wilayani Walikale, iwe Masisi ao Goma, anaulizwa jambo ambalo kabla ya mwaka 1901 hakuna mganga duniani angeweza kulijua. Aliyelifungua ni Karl Landsteiner.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 huko Baden, karibu na mji wa Vienna, nchini Austria. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki Karl akiwa na miaka 6 tu, na mama yake Fanny akabaki kumlea. Alimaliza masomo ya uganga mwaka 1891, lakini maabara ilimvuta kuliko vitanda vya wagonjwa.

Wakati huo kuongezewa damu ilikuwa bahati nasibu: mmoja anapona, mwingine anakufa palepale. Landsteiner alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazi, akazichanganya moja na nyingine. Zingine zilikaa pamoja vizuri, zingine zikashikamana mafungu mafungu. Hapo ndipo alipotenga makundi A, B na lile linaloitwa leo O. AB ilipatikana mwaka 1902. Kazi kubwa namna hiyo, lakini kwa miaka mingi ni wachache walioijali.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia maisha yalikuwa magumu Vienna. Alihamia Uholanzi mwaka 1919, kisha New York, na mwaka 1930 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1940, akiwa mzee, yeye na Alexander Wiener walitangaza kitu kingine ndani ya damu: resusi. Miaka hiyohiyo Philip Levine, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba mwili wa mama unaweza kupiga vita damu ya mtoto aliye tumboni. Ikaeleweka kwa nini katika jamaa zingine mtoto wa kwanza ni mzima, wanaomfuata wanazaliwa na kugeuka manjano ao wanakufa. Si uchawi, wala si laana.

Damu ya mtoto ikivunjika haraka, inaacha rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na ini lake changa halimudu kuiondoa. Ikizidi inafika kwenye ubongo. Mtoto anaweza kubaki kiziwi ao kulemaa.

Kwetu Afrika wenye resusi hasi ni wachache kuliko Ulaya. Mara nyingi ni mama wa kundi O aliyezaa mtoto wa A ao B, na hapo hata kifungua mimba anaweza kupatwa. Wengi wao hawaugui sana. Ila kundi la mama likiandikwa mapema kwenye fishi yake, wauguzi wanajua ni mtoto gani wa kuchunguzwa macho na ufizi. Manjano ya siku ya kwanza si ya kungojea: mtoto apelekwe mbio penye taa ya bluu na, ikihitajika, penye uwezo wa kubadilisha damu. Kutoka Mubi safari hiyo ni ndefu, kwa hiyo kujua mapema kuna faida zaidi huko kuliko mjini.

Landsteiner alishikwa na moyo akiwa kazini ndani ya maabara, akafariki tarehe 26 Juni 1943. Sindano ya kumkinga mama mwenye resusi hasi ilianza kutolewa katika miaka ya 1960, karibu miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake.