Humphrey Bogart: Nyota wa ‘Casablanca’ aliyepatia Oscar kwenye maji ya Tshopo

Mwaka 1951, Kisangani ikiwa bado inaitwa Stanleyville chini ya Wabelgiji, ilipokea mgeni wa miaka 51 ambaye uso wake ulikwisha kujulikana dunia nzima. Humphrey Bogart alikuwa amejenga jina kwa filamu ya Afrika, lakini Afrika ile ilikuwa ya mbao na rangi, ndani ya studio huko California.

Alizaliwa New York siku ya Krismasi mwaka 1899, baba yake daktari wa upasuaji, mama yake mchoraji mashuhuri. Shule ilimfukuza mwaka 1918, akaingia jeshi la wanamaji, kisha akaangukia jukwaani. Hollywood ilimpa kazi moja kwa miaka mingi: kuwa jambazi na kupigwa risasi kabla filamu haijaisha. Mwaka 1941 John Huston alimwongoza katika ‘The Maltese Falcon’, na hapo ndipo watazamaji walipoanza kumwona kama mtu wa kumwonea huruma.

Mwaka uliofuata ikaja ‘Casablanca’. Vita vilikuwa vimepamba moto, na wengi wa waigizaji wake walikuwa wakimbizi wa kweli waliowatoroka Wanazi. Bogart alikuwa mwenye baa anayejifanya hana upande. Mwishoni, yeye na mkuu wa polisi wanazungumzia kwenda Brazzaville, ng’ambo ya mto kutoka Kinshasa ya leo, kwa kuwa mji huo ndio uliokuwa makao ya Wafaransa huru wa Jenerali de Gaulle.

Filamu hiyo inakumbukwa zaidi kwa wimbo, ‘As Time Goes By’, uliotungwa na Herman Hupfeld mwaka 1931. Aliyeuimba ni Dooley Wilson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mpiga ngoma na asiyejua piano; aliyempigia, nje ya picha, ni Elliot Carpenter. Mtunzi wa muziki wa filamu, Max Steiner, alitaka wimbo huo uondolewe. Haikuwezekana kupiga picha upya: Ingrid Bergman alikwisha kukata nywele kwa ajili ya filamu nyingine. Kisha wanamuziki wa Marekani wakawa katika mgomo wa kurekodi sahani, hivyo Wilson hakuweza kutoa ya kwake. Iliyouzwa ikawa sahani ya zamani ya Rudy Vallee, mzungu aliyeurekodi miaka zaidi ya kumi nyuma.

Mwaka 1944 alikutana na Lauren Bacall, binti wa miaka 19, katika ‘To Have and Have Not’. Walioana Mei 1945. Ni Bacall huyo aliyefuatana naye hadi Kongo.

Safari hiyo ilikuwa ya Huston, aliyetaka kupiga ‘The African Queen’ porini kwa rangi, jambo gumu kwa kamera nzito za wakati ule. Hadithi yake inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanzania ya leo, mwaka 1914, lakini sehemu kubwa ya mto unaoonekana ni Ruiki, unaomwaga maji yake Lualaba, kusini mwa Kisangani. Kambi ilijengwa Biondo. Vyombo viliwekwa juu ya vyelezo vilivyovutwa mtoni kwa msururu: taa, jenereta, kamera. Mashua yenyewe ilizama, ikabidi watu waivute hadi ielee tena.

Siafu waliivamia kambi. Kisha maradhi ya tumbo yakawaangusha karibu wote, na Katharine Hepburn, aliyekuwa akinywa maji kwa bidii, akaumia kuliko wengine. Bogart na Huston hawakuugua. Wao waliishi kwa wiski, na Bogart kwa vyakula vya makopo pia. Bacall alisaidia kuuguza wagonjwa. Hepburn aliipenda nchi; Bogart alinung’unika na kutaka kurudi nyumbani. Kwenye filamu, Hepburn ndiye anayemwaga mtoni pombe yote ya Bogart baada ya kuudhiwa na ulevi wake.

Kutoka Ruiki kikosi kilihamia Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Waigizaji walipotakiwa kuingia majini, hilo lilifanyika kwenye bwawa la studio karibu na London. Mito ya huku ilihofiwa.

Wakongo waliojenga kambi na kuvuta vyelezo hawamo kwenye orodha ya majina ya filamu, na ndani yake Waafrika hawana la kusema. Wala haikuwa rahisi wao kuitazama. Serikali ya kikoloni iliwatenga na sinema za Wazungu na kuwachujia filamu za kuona. Miaka michache baadaye Hollywood ilirudi Stanleyville kwa ‘The Nun’s Story’ ya Audrey Hepburn, na mambo yalikuwa yale yale.

Machi 1952 Bogart alimshinda Marlon Brando na kutwaa Oscar, ya kwanza na ya mwisho kwake. Saratani ya umio ilimuua Januari 14, 1957, akiwa na miaka 57. Mashua ya filamu hiyo ilikarabatiwa, na mwaka 2012 ikarudi kubeba watalii huko Key Largo, Florida.