Maisha ya Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwenye Ilimu ya Al-Jabr

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Abu Abdillahi Muhammad bin Musa amezaliwa karibu na mwaka 780 wa Miladi. Nisba yake ni ya Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika zama za Khalifa Al-Maamun bin Harun Rashid, aliyetawala tangu mwaka 198 hata 218 wa Hijria, nao ni 813 hata 833 wa Miladi. Khalifa huyo aliwakirimu wenye ilimu, na vitabu vya Wayunani na Wahindi vikifasiriwa kwa Kiarabu.

Katika zama hizo Khwarizmi akatunga kitabu kifupi cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Alikusudia yale watu wasiyoweza kuyakosa: mirathi, wasia, migawanyo, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Al-jabr ni kukirejesha kilichopunguzwa. Al-muqabala ni kuzikabilisha pande mbili na kuondoa kilicho sawa huku na huku. Lisilojulikana aliliita kitu, au jadhiri, yaani mzizi. Na jadhiri ikizidishwa kwa nafsi yake aliiita mali. Hakutumia alama yoyote. Yote aliyaeleza kwa maneno.

Mlango wa jadhiri ndio umtelezao mwanafunzi, naye Khwarizmi ameusahilisha. Atakaye kuzidisha jadhiri ya 9 kwa jadhiri ya 4, na azidishe 9 kwa 4, ipatikane 36, kisha atoe jadhiri yake, nayo ni 6. Atakaye kugawanya, na agawe 9 kwa 4, ipatikane 2 na robo, na jadhiri yake ni 1 na nusu. Na atakaye jadhiri ya 9 mara mbili, ile 2 haiingii chini ya jadhiri vivi hivi. Yazidishwa kwanza kwa nafsi yake iwe 4, kisha kwa 9 iwe 36, na jadhiri yake ni 6.

Faida yake ni kubwa. Jadhiri ya 8 haitoki kamili, wala ya 2 haitoki. Walakini zikizidishwa pamoja ni jadhiri ya 16, nayo ni 4 bila ya baki. Ama kujumlisha si kama kuzidisha: jadhiri ya 9 na jadhiri ya 4 jumla yake ni 5, wala si jadhiri ya 13. Baadaye wanavyuoni wa Ulaya, akiwamo Newton mwaka 1676, waliiandika jadhiri kuwa ni daraja ya nusu. Na nusu mbili zikijumlishwa ni moja, ndipo jadhiri ikizidishwa kwa nafsi yake ikarejea idadi ile ile. Alama ni mpya, kanuni ni ile ile.

Sehemu kubwa ya kitabu ni ya wasia. Mtu amekufa, ameacha wana wawili na dirhamu 10, na mmoja wa wanawe yuawiwa naye dirhamu 10, na thuluthi ameusia apewe mtu wa mbali. Fungu la mwana mwenye deni, likatwalo katika deni lake, liitwe kitu. Mali yote ni 10 na kitu. Ikitolewa thuluthi, yabaki 6 na thuluthi mbili, pamoja na thuluthi mbili za kitu. Nusu yake ni fungu la kila mwana: 3 na thuluthi, na thuluthi ya kitu. Hilo ni sawa na kitu. Basi kitu ni 5. Mwenye wasia apata 5, na mwana wa pili 5, zote katika zile dirhamu 10 zilizopo. Na wa deni akatiwa 5.

Khwarizmi amefariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini huko Segovia, na neno al-jabr likabaki katika lugha za Ulaya hata leo.

Basi hisabu ni amana. Akoseaye jadhiri amekosea idadi. Akoseaye fungu amekula haki ya yatima. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atunafiishe kwa ilimu yake. Amin.