Mtakatifu Bakhita na Makovu Yake

Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Angali mtoto alitekwa, akauzwa utumwani. Mke wa bwana wake mmoja aliagiza achanjwe mwilini kwa wembe: chale 114, zikasuguliwa chumvi zisifutike.

Mwaka 1890 alibatizwa huko Venice, Italia, kisha akawa mtawa. Mjini Schio watu walimshangaa kwa weusi wake. Yeye akawapokea mlangoni kwa upole. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Kanisa likamtangaza mtakatifu, makovu yake yote.

Kati yetu wapo akina mama na dada wenye alama za vita. Wasijifiche kwa aibu, nasi tusiwanong'one. Mwili ule Mungu hakuukataa.