Konrad Lorenz: aliyesoma ugomvi wa samaki, akakosea juu ya watu

Kwenye masanduku ya vioo ya Konrad Lorenz, huko Ujerumani, samaki wa rangi kali walikuwa wanauana. Walikuwa samaki wa baharini, wa kwenye miamba ya matumbawe: wa manjano, wa buluu, wenye mistari. Ukitia kadhaa wa aina moja, baada ya siku chache anabaki mmoja. Ukitia aina mbalimbali, kila mmoja anapita kivyake, na amani inakuwepo. Mtu mwingine angelalamikia hasara. Yeye alikaa mbele ya kioo akiangalia nani anamuuma nani.

Lorenz alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 7 Novemba 1903. Baba yake, Adolf, alikuwa munganga wa mifupa aliyejulikana mpaka Marekani, na nyumba yao ya Altenberg, karibu na mto Danube, ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa kila mnyama ambaye mtoto alileta. Alileta wengi. Baba alitaka awe munganga, basi akasoma uganga na kumaliza mwaka 1928. Kiisha akarudia wanyama wake, akapata udaktari wa elimu ya wanyama mwaka 1933. Watu walimjua kwanza kwa bata bukini: alionyesha kwamba kifaranga kikitoka kwenye yai kinafuata kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake, hata kama ni mwanaume mwenye ndevu.

Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria, na mwaka ule ule Lorenz akaomba kuingia chama cha Wanazi. Hakuna aliyemshika shati. Mwaka 1940 alipewa kiti cha profesa kule Königsberg, na katika maandishi ya wakati ule alisema kwamba maisha ya mjini yanaharibu watu kama vile kufugwa kunavyoharibu mnyama, na kwamba taifa linapaswa kuwaondoa walio dhaifu ili damu ibaki safi. Mwaka 1942, huko Posen, alishiriki uchunguzi wa watu wa familia zilizochanganyika, za Wajerumani na Wapolandi, kupima thamani yao. Sisi wakaaji wa mashariki hatuhitaji kuelezwa mambo ya kuhesabu watu kwa damu yanafika wapi. Na huyu hakuwa mjinga wa kijijini, alikuwa munganga mwenye diploma mbili.

Vita vilimgeukia. Mwaka 1944 Warusi walimkamata karibu na Vitebsk, akakaa mfungwa mpaka 1948. Kambini aliandika kitabu kizima kwenye karatasi za mifuko ya sementi. Alirudi nyumbani na karatasi zile, pamoja na ndege mmoja aliyemfuga. Juu ya maandishi ya zamani alikuja kusema kwamba anajuta. Juu ya uanachama wake alizungukazunguka mpaka mwisho.

Kazi ya samaki njo ilikuja kiisha, kwenye kituo cha Seewiesen, kusini mwa Ujerumani, ambacho alikianzisha pamoja na mwenzake Erich von Holst. Alikwenda vilevile Florida, akaogelea juu ya miamba kuona kama kule baharini ni vile vile. Aliona samaki yule yule wa rangi kali akimfukuza wa aina yake tu, lakini mwenye kushindwa anakimbia na jambo linaisha. Kwenye sanduku, anayeshindwa hana pa kukimbilia. Njo sababu anakufa. Rangi ile, alisema Lorenz, ni kama bendera: inamwambia ndugu wa aina moja kwamba shamba hili lina mwenyewe. Wa aina nyingine anakula chakula kingine, hana sababu ya kufukuzwa.

Mpaka hapo alikuwa na macho makali. Shida ilianza alipotoka kwa samaki kwenda kwa watu. Alikuwa amefuga pia samaki wa India na Brazili, wa jamaa moja na tilapia na kuhe wetu wa Ziwa Tanganyika. Dume aliyeondolewa majirani wa kupigana nao alimgeukia mke wake na kumuua. Lorenz akaamua kwamba hasira inajaa ndani ya kiumbe kama maji kwenye pipa, lazima imwagike, na binadamu vilevile. Kitabu chake cha 1963 kilisomwa dunia nzima, na wataalamu wengi wakakipinga. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Tinbergen alikuwa Mholanzi ambaye Wanazi walimfunga wakati wa vita.

Samaki wenyewe walikuwa na habari nyingine. Mwaka 1972 D. Ross Robertson alieleza alichoona Australia kwa samaki mdogo anayesafisha wenzake: dume mmoja anatawala majike kadhaa kwa kuwasumbua. Dume akifa, jike mwenye cheo cha juu anaanza kufukuza wengine ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hivi ni dume kamili, anatoa mbegu. Mwaka 1977 Hans Fricke na Simone Fricke, kutoka kituo kile kile cha Seewiesen, walieleza samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Kwao ni kinyume: mkubwa wa nyumba ni jike. Akifa, dume wake anageuka jike, na kijana aliyekuwa amezuiliwa kukua anakuwa dume. Basi hata ujike na udume, kwa samaki hawa, havikufungwa ndani ya damu tangu kuzaliwa. Vinategemea nani yuko juu na nani ameondoka.

Lorenz alikuwa amekwisha rudi Altenberg, ambako alijijengea akwariamu kubwa ya maji ya chumvi. Uzeeni alisimama na vijana waliopinga bwawa la umeme la Hainburg, kwenye Danube. Alifariki tarehe 27 Februari 1989. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Salzburg kilimnyang'anya udaktari wa heshima kwa sababu ya mambo ya Wanazi. Tuzo ya Nobel haikuguswa.