Al-Biruni

Abu Rayhan Muhammad ibn Ahmad al-Biruni (973 – mnamo 1050) alikuwa mtaalamu wa hisabati, astronomia, jiografia na historia kutoka Khwarezm katika Asia ya Kati. Anakumbukwa pia kwa kupima ujazo wa vitu kwa kutumia maji na mizani.

Maisha

Alizaliwa mjini Kath, katika Uzbekistan ya leo. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikhwarezmi, lakini vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarezm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazni (leo nchini Afghanistan). Huko alijifunza Kisanskriti, na mnamo 1030 akakamilisha kitabu kikubwa juu ya Uhindi. Humo alitaja pia safari za meli baina ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China kupitia bandari ya Somnath.

Kupima kwa maji na mizani

Kito kisicho na umbo la kawaida hakiwezi kupimwa ujazo kwa rula. Tena jiwe la bei nafuu linaweza kufanana kwa rangi na lile la thamani, hata mnunuzi akapunjwa. Al-Biruni alitumia chombo chenye shingo nyembamba na mrija pembeni. Alikijaza maji hadi usawa wa mrija, kisha akatumbukiza kito ambacho uzito wake ulikuwa umekwisha kujulikana. Maji yaliyomwagika yalikingwa na kupimwa kwa mizani. Uzito wa maji hayo ulionyesha ujazo wa kito. Shingo ilikuwa nyembamba ili hata kito kidogo kiinue maji kwa kiasi cha kuonekana.

Matokeo yake kuhusu metali na vito yalikaribia vipimo vya leo. Al-Khazini aliyahifadhi katika kitabu chake juu ya mizani cha mwaka 1121.

Matumizi ya leo

Kanuni hiyo huandikwa: ujazo = masi ÷ densiti. Chombo hupimwa kikiwa kitupu, kisha kikiwa na kimiminika. Tofauti ndiyo masi ya kimiminika. Gramu 79 za ethanoli, yenye densiti ya takriban 0.79 g/mL katika 20 °C, zina ujazo wa mililita 100. Halijoto lazima ijulikane, kwa sababu vimiminika vingi hutanuka vikipashwa moto na densiti yake hupungua.

Kwa njia hii maabara ya shule, iwe Same au kwingineko, inaweza kuhakiki vyombo vyake kwa maji safi na mizani nzuri. Pipeti sahihi ya mililita 25 hutoa takriban gramu 24.9 za maji katika 25 °C.