Fanny Burney: Mama Aliyefanyiwa Upasuaji wa Titi Bila Dawa ya Usingizi

Mama, kama umepangiwa tarehe ya kuondolewa uvimbe kwenye titi na hofu imekujaa, soma habari za Fanny Burney.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1752, akawa mwandishi maarufu wa riwaya. Aliolewa na Mfaransa, Alexandre d'Arblay, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1810, wakiishi Paris, alianza kusikia maumivu kwenye titi la kulia. Alidhani yataisha yenyewe. Mumewe ndiye aliyemsihi amwone daktari, na mwaka mzima ulipita kabla ya upasuaji. Wewe usisubiri hivyo. Ukigusa uvimbe, nenda zahanati au kituo cha afya wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini huwezi kujua mpaka upimwe.

Tarehe 30 Septemba 1811, daktari Dominique-Jean Larrey alimfanyia upasuaji nyumbani kwake, akaondoa titi lote. Fanny alikuwa na miaka 59. Alihakikisha mumewe yuko kazini ili asishuhudie. Alipewa kinywaji chenye divai tu, akasikia kisu. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846, miaka 35 baadaye.

Wewe utapewa ganzi au dawa ya usingizi, na mara nyingi huondolewa uvimbe tu, titi linabaki. Ili uwe salama:

- Usile wala kunywa kwa saa utakazoelekezwa.
- Taja dawa unazotumia, za kienyeji pia, na dawa zinazokudhuru.
- Sema kama una mimba au unanyonyesha.
- Kama unatoka Makambako kwenda hospitali ya mkoa Njombe, nenda na mtu, na mwingine abaki na watoto.

Kidonda cha Fanny kilipona, ila moyo ulichelewa. Barua ya kumsimulia dada yake Esther ilimchukua miezi kuimaliza, kwa kuwa kukumbuka kulimuumiza. Ukiona unalia au hulali, mwambie nesi.

Nawe unayemuuguza: ndoo, kuni, jembe na mtoto wa kubeba mgongoni ni kazi yako mpaka daktari amruhusu. Kidonda kikae kikavu na kisafi. Akipata homa, usaha, damu inayotoka au wekundu unaoenea, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Rudini pia kuchukua majibu ya kinyama, hata kama kidonda kimepona na nauli inauma. Enzi za Fanny kipimo hicho hakikuwepo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kama uvimbe wake ulikuwa saratani. Majibu ndiyo yanayoonyesha kama matibabu yameisha au yanaendelea.

Mwaka 1812 Fanny alisafiri na mwanawe kurudi Uingereza. Mwaka 1814 alitoa riwaya nyingine. Alimwona mwanawe akiwa mtu mzima, akafariki mwaka 1840 akiwa na miaka 87, zaidi ya miaka 28 baada ya upasuaji.